Yule wa "mtoto wa nyoka ni nyoka" naomba nimjibu

Mhariri, salamu nyingi. Mimi sio mtu wa kuandika andika, mara ya mwisho kutuma kitu gazetini nilikuwa kijana natafuta marafiki wa kalamu, kwahiyo nikikosea mahali mtanirekebishia wenyewe. Ila ile barua ya wiki mbili nyuma kwenye ukurasa wenu wa wasomaji imenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Ile ya ndugu yetu wa Tabata, aliyeandika kuhusu hawa vijana wanaoitwa panya rodi, yale magenge ya kupora watu mitaani, kwamba ni kupoteza hela kuwapeleka kwenye ufundi sijui ushauri nasaha, kwasababu ukifuatilia unakuta baba alikuwa kibaka na babu alikuwa kibaka, alafu akafunga mjadala na mtoto wa nyoka ni nyoka. Siku ileile nilitaka kumjibu nikakosa pa kuanzia. Methali nzito ile bana, mtu akikutupia huna pa kupenyea.

Jibu nimelipata kwa Wahindi. Tena Wahindi wa mwaka 1951.

Marehemu bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kikwajuni, Unguja. Mtu akiitaja methali hiyo mbele yake alikuwa anasonya kwanza, alafu anasema "huyo hajaiona Awara." Basi, kwake kesi imeisha, anarudi kwenye kuchambua mchele wake. Sisi wajukuu tulishazoea, tukawa hata sisi tunasema hivo hivo kwa utani bila kujua tunachosema. Awara ni ile picha, yani muvi, ya kihindi ya Raj Kapoor ya mwaka huo 1951, wenyewe wanaiandika Awaara, maana yake mzururaji. Na neno mzururaji wazee wetu wanalijua sana, kuna wakati ulikuwa ukikutwa mjini saa nne asubuhi huna kazi ya kueleweka unabebwa kwa kosa hilo hilo.

Watu wa Unguja enzi hizo walikuwa wagonjwa wa senema. Bibi alikuwa anaenda Majestic pale Vuga, kwenye maonesho ya wanawake watupu, yani ukumbi mzima mabuibui, na anasema wakati wa kutoka unaona macho mekundu kama watu wanatoka msibani. Picha yenyewe haikuja mara moja ikaondoka, ilikuwa inarudi na kurudi, na kila ikirudi naye anarudi. Kihindi hajui hata cha kuombea maji, lakini alikuwa anatusimulia Awara na maneno yote, jaji alisema hivi, yule mama akajibu hivi, anabadilisha na sauti. Nilikuja kujua ukubwani kuwa yale maneno mengi alikuwa anayatunga mwenyewe.

Pamoja na hayo yote mimi nimefikisha miaka 46 sijawahi kuiona. Sababu ni ya kijinga, haina rangi. Wasiojua ni kwamba Unguja tv yetu ilianza na rangi moja kwa moja, miaka ya 1970 hiyo, wakati nchi nyingi za Afrika hawana, kwahiyo kwetu sisi tuliozaliwa pale picha nyeusi na nyeupe ilikuwa ni ya pasipoti au ya mtu aliyefariki. Nikija kuona muvi haina rangi nahama chaneli. Hata nilipohamia huku Dar na vibanda umiza, vile vya kulipia kuangalia muvi, vyote nilivyopita, na hawa ma-DJ wetu wanaotafsiri muvi za kihindi mpaka unacheka na machozi, hakuna siku niliyosikia mtu ameweka ya zamani namna hiyo.

Sasa juzi Jumamosi mvua imekamata toka asubuhi, kazi hakuna, ile barua ya Tabata bado inanikera, nikamkumbuka bibi nikasema hebu leo niione hiyo Awara yenyewe. Nikanunua bando, kijana wangu wa miaka 15 akaitafuta YouTube kwenye laptopu yake, ikapatikana, karibu masaa matatu. Ikaanza. Dogo akaangalia kidogo akasema baba subiri, akaingia kwenye settingi akawa anahangaika kurekebisha rangi. Nikamwambia acha, ndio ilivyo. Akaniangalia kama vile nimemwambia tunakula wali mkavu wiki nzima. Mke wangu akapita na kusema mtu anakaa Mbagala Rangi Tatu anaangalia picha ya rangi mbili, akaenda zake jikoni.

Nikiri kwamba robo saa ya kwanza ilinishinda. Maandishi ya chini ni ya kiingereza na kiingereza changu ni cha la saba B, macho yanakimbia chini na juu, sauti inakwaruza. Inaanzia mahakamani, kuna kijana kizimbani ameshtakiwa kutaka kumuua jaji, hana wakili, anaingia binti mmoja, Rita, ambaye ndio mwigizaji Nargis, anasema mimi nitamtetea. Na jaji mwenyewe aliyetaka kuuawa amekaa kama shahidi na ndiye aliyemlea huyo binti. Hapo nikakaa vizuri. Alafu hadithi inarudi nyuma miaka mingi.

Yule jaji, anaitwa Raghunath, ana imani moja maishani. Mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema, mtoto wa mwizi atakuwa mwizi. Mhariri niliposoma hayo maandishi nilisimamisha picha, nikamwita mke wangu kutoka jikoni nikamwonesha. Ndugu yetu wa Tabata huyu hapa, kavaa suti, yuko India miaka sabini na kitu iliyopita!

Na hiyo imani sio ya kuongelea kahawa, anaitumia kazini. Kuna jamaa anaitwa Jagga aliletwa mbele yake kwa kesi ya kubaka, jaji akamfunga, na ushahidi mkubwa ni kwamba baba yake alikuwa mhalifu. Kumbe jamaa hakufanya. Akatoka huko gerezani akawa jambazi kweli kweli, akamteka mke wa jaji kulipiza kisasi, alafu alipogundua yule mama ni mjamzito akamwachia arudi, kwa hesabu zake mwenyewe. Mama karudi nyumbani, maneno yakaanza, kuna shemeji mmoja wa jaji mle ndani mchochezi hatari (bibi alikuwa akifika kwa huyu anatema mate pembeni), mimba ya nani, mimba ya nani, na jaji na usomi wake wote akamtupa mke nje usiku wa mvua na uchungu umeshaanza. Mtoto akazaliwa mtaroni.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya rangi. Ule usiku ungekuwa wa rangi ungekuwa ni matope na nguo mbichi tu. Lakini kwa vile hakuna rangi unachoona ni mwanga na giza vinagombana, uso wa mama unatoka kwenye giza nusu, mvua inameremeta kama nyuzi za fedha, ile nyumba kubwa ya jaji na ngazi zake imekuwa kama pango. Dogo ambaye alikuwa anachezea simu nikaona ameiweka chini. Hakusema kitu na mimi sikumuuliza.

Sasa hesabu ya jaji hebu tuipige wote. Huyo mtoto, anaitwa Raj, ni damu ya jaji safi. Kwa methali yake mwenyewe ilibidi awe jaji. Lakini analelewa kwenye vibanda vya Bombay, anang'arisha viatu vya watu, ada hakuna shule wanamfukuza, mama anaumwa, ndani hakuna chakula, na anayemkaribia kumfundisha maisha ni Jagga yuleyule, kwasababu Jagga ameamua kumthibitishia jaji kuwa mtoto wa jaji anaweza kuwa mwizi. Raj anaiba mkate kwaajili ya mama yake, anakamatwa. Alafu picha inatuonesha mkate wa jela, na kutoka mtoto tunajikuta tuna mtu mzima yuko ndani, na anauambia ule mkate, kwa maana yake, kwamba wewe ungepatikana kule nje mimi nisingekuja huku. Mimi nilicheka, alafu nikaacha kucheka.

Namuuliza ndugu wa Tabata, hapo nyoka ni nani? Jagga hakuwa nyoka mpaka alipohukumiwa kama nyoka. Raj ametoka kwenye yai la jaji. Mwenye sumu ya kwanza kwenye picha nzima ni yule mwenye suti na vitabu.

Na asije akadhani napiga siasa ya kuwaonea huruma wezi. Raj ni mwizi kweli, sio wa kusingiziwa. Kuna sehemu Rita ana sherehe ya kuzaliwa, Raj hana zawadi, anamwona mzee mmoja katoka kwa sonara na mkufu anamwibia, anaenda nao kwenye sherehe, kumbe mzee ndio jaji na mkufu ulikuwa wa Rita huyo huyo, kwahiyo jaji anamkabidhi binti kiboksi, binti anafungua ndani hamna kitu. Mke wangu ambaye alishahamia sebuleni na bakuli lake la mchicha alipiga kelele. Picha haimfichi Raj wala haimpaki mafuta, mwisho anahukumiwa miaka mitatu na anaenda.

Hapa kwenye hiyo miaka mitatu ndipo niliposhtuka kuliko pote, na hili sikupanga kuliandika ila ngoja niandike tu maana jina langu hamlitoi.

Awara ya bibi haikuishia hivyo. Kwenye Awara ya bibi jaji analia mahakamani, anashuka, anamkumbatia mwanae, wanarudi nyumbani yeye na mwanae na mama yake Raj, na kunapikwa pilau. Miaka yote hiyo ndio mwisho ninaoujua. Kumbe kwenye picha mama anafariki, amegongwa na gari la jaji mwenyewe tena ndio anatoka kumtambua mumewe, na Raj anaenda jela, na jaji anamfuata kule gerezani kuomba radhi na kumwita mwanangu, na hakuna pilau. Nikabaki najiuliza bibi alisahau au vipi, mtu aliyeiona mara zote hizo, aliyekuwa anakumbuka mpaka shemeji kavaa nini. Alafu ikanijia. Mimi nikiwa na miaka tisa baba yangu alilala ndani miaka miwili kwa kesi ya mabati ya godauni, na aliiba kweli, alikuja kuniambia mwenyewe. Shuleni kulikuwa na mwalimu mmoja, ikipotea kalamu darasani, hata kifutio, ananiangalia mimi kwanza. Sikumwambia mtu nyumbani. Lakini ndio mwaka ambao bibi alikuwa ananisimulia Awara karibu kila usiku, na mimi nilidhani anaisimulia kwasababu anaipenda.

Nilienda kunywa maji. Niliporudi dogo alikuwa amesimamisha picha ananisubiri.

Sasa ili nisionekane nimerogwa na Wahindi, niseme na ya upande wa pili. Kuna pale ufukweni Rita anamtania Raj anamwita mshenzi wa porini, jamaa anamnyonga shingo na kumzaba vibao, na binti badala ya kuondoka anazidi kumwangukia. Mke wangu akasema zima hiyo takataka. Hatukuzima ila alikuwa na haki, na picha haioni kama hapo kuna kosa lolote, ikaendelea na mapenzi kama kawaida. Picha inayosema mtoto anafundishwa ubaya na mtaa ingejiuliza na hayo ya kupiga wanawake anafundishwa na nani, haikujiuliza. Bibi sehemu hiyo hakuwahi kuitaja hata siku moja.

Na kuna kichekesho kingine kikubwa zaidi. Nimekisoma baadae, tena usiku huo huo maana usingizi haukuja. Raj Kapoor ndiye stelingi na ndiye aliyeiongoza hiyo picha, na wakati anaitengeneza alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Yule jaji ni Prithviraj Kapoor, baba yake mzazi. Yule mtoto anayecheza Raj akiwa mdogo ni Shashi Kapoor, mdogo wake. Na kuna jaji mzee mle mahakamani, huyo ni babu yao! Vizazi vitatu wamepanga foleni mbele ya kamera kutuambia kwamba damu haina maana. Na baada yao, ukoo huo huo na wote waigizaji, akaja Rishi, wakaja kina Karisma na Kareena, sasa hivi yuko Ranbir. Yani ndugu wa Tabata angekuwa mjanja hapo ndipo angenikamatia, mtoto wa stelingi ni stelingi. Nimelifikiria hilo siku mbili nikiwa kazini. Ninachoona mimi ni kwamba Shashi hakuzaliwa anajua kuigiza, alizaliwa kwenye nyumba ambayo kaka anatengeneza picha na baba ana kundi la maigizo, akikosa wa kucheza mtoto wanamwita yeye. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hii nayo ni methali yetu, tena ya wazee walewale wa nyoka. Mwandishi wa Tabata angechagua moja kati ya mbili akachagua ile isiyomgharimu kitu.

Mhariri nisiache nyimbo. Ule wimbo wenyewe wa Awara, sauti ya Mukesh, bibi alikuwa anauimba kwa maneno ambayo sio kihindi wala kiswahili, na nilipousikia mwenyewe nilijikuta naimba ya bibi juu ya ya Mukesh na yanakaa. Raj anatembea barabarani suruali fupi, viatu vimechoka, kofia kichwani, anajitangaza kuwa ni mzururaji na anacheka, huku anamchomolea mtu mfukoni. Huo wimbo umeimbwa mpaka Urusi na Uchina, Warusi kwa mamilioni walijaa kuiona hiyo picha ilipofika kwao mwaka 1954, watu wasiojua kihindi kama bibi yangu. Alafu kuna ile ndoto, dakika kama tisa hivi, Raj analala anajiona yuko kuzimu kwenye moto na masanamu makubwa, Rita yuko juu kwenye mawingu na ngazi ndefu anamwita, Lata Mangeshkar anaimba, na Jagga anatokea na kisu amekuwa mkubwa kama mnara. Haina kompyuta ile, ni moshi na mbao na taa tu. Dogo aliirudisha mara mbili, alafu akaniuliza kama moshi huo waliupata wapi na mimi sijui nikamwambia labda barafu. Nikamwambia unaona haina rangi, akasema sikumbuki kama haina.

Kwahiyo ombi langu kwenu na kwa wenye vituo vya tv wanaosoma hapa ni dogo. Jumapili mchana mnatuwekea marudio ya marudio, hebu siku moja tuwekeeni hii, nzima, na kama inawezekana mpeni mmoja wa hawa ma-DJ wetu aitafsiri kiswahili lakini asipige kelele kwenye nyimbo. Wako wazee Tanga, Mombasa, Unguja walioiona wakiwa wasichana wa buibui na wavulana wa kupanda ukuta, bado wapo wachache, wakae na wajukuu wao waone kama nao walikuwa wanadanganywa mwisho.

Na ndugu wa Tabata simchukii. Namkaribisha Mbagala siku yoyote mvua ikinyesha, laptopu ipo, bando nitanunua mimi, aje na mtoto wake kama anaye. Mke wangu amesema atapika pilau.

Barua imekuwa ndefu najua na nafasi yenu ni ndogo. Mkiona mnaikata, kateni huko kwenye nyimbo, pale kwa jaji msipaguse.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam